Maji ya Juu

Jumanne asubuhi Ini alipoteza maji ya juu ya pombe ya mama yake, akaweka maji ya kisima mahali pake, akanyamaza. Jumatano saa nne bibi mmoja mzee alikuwa anafunga mizigo yake kwa sababu anafukuzwa kijijini.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa nieleze ilivyokuwa.

Ini alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule ilikuwa imefungwa, mvua zimeshika, na kila shamba la upande wetu, karibu na mji wa Gaoua, lilikuwa linadai jembe. Baba yake alikuwa ng'ambo ya mpaka kwenye mashamba ya kakao, huu mwaka wa pili. Shamba lao la mtama lilikuwa limemezwa na magugu. Mikono iliyobaki nyumbani ilikuwa ya mama na ya Ini, na mikono minne haiwezi kuokoa shamba lile.

Kwa hiyo mama yake, ambaye watu humwita Mama Yeri kwa jina la binti yake wa kwanza aliyekwisha olewa, alikuwa ameomba msaada. Watu thelathini na majembe yao, siku ya Alhamisi. Kwetu huwezi kuita majembe thelathini ukawapa maji ya kunywa. Watu hulimia pombe ya mtama. Ikiwa nzuri, wanalima wakiimba mpaka jioni. Ikiwa mbovu, kila mtu anakunywa kata moja kwa heshima, anakumbuka mgonjwa wake nyumbani, anaondoka. Hakuna atakayekugombeza. Shamba lako tu litabaki na magugu, na mwakani utalala njaa.

Kazi ya pombe ilikuwa imeanza wiki iliyotangulia. Mtama ulilowekwa, ukaota vimikia vyeupe, ukaanikwa juu ya paa, ukasagwa. Huo ndio kimea. Jumanne alfajiri Mama Yeri alikoroga unga wa kimea na maji kwenye mtungi mkubwa, akatia bamia zilizopondwa ili ute wake uvute unga chini. Jua lilipochomoza unga ulikuwa umetulia kama tope, na juu yake kulikuwa na maji ya rangi ya maji ya kuoshea mchele. Mama aliyateka kwa kata, polepole, bila kutibua, akayatia kwenye mtungi mwekundu kando ya ukuta. Lile tope la chini alilimimina kwenye vyungu vitatu vya kupikia.

"Ini!"

"Abee, mama."

"Naenda kwa shangazi yako kuchukua kuni. Kaa hapa. Mtungi huu mwekundu usiuache. Mbuzi wasiusogelee, kuku wasiusogelee, na wewe mwenyewe usiusogelee."

"Mbona ni maji tu, mama?"

"Kaa nilipokwambia."

Ini akakaa. Haukupita muda akaja Bibi Oho na kigae chake, kuomba makaa ya moto. Alikuja hivyo kila asubuhi, akipita katikati ya uwanja wao, kwa sababu kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukuta wao na hiyo ndiyo njia ya mkato. Alikuwa mama mdogo wa Baba Mkubwa Sie, mwenye mji. Kinywani hakuwa na jino hata moja.

"We Ini, unachunga maji? Wenzako wanachunga ng'ombe."

"Maji hayana pembe, Bibi. Hayanipigi."

Bibi Oho akacheka. Aliinama akachungulia mtungi mwekundu. "Yametulia vizuri. Mkono wa mama yako umekomaa." Akachukua makaa yake, akaenda.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Jua lilipopanda kidogo, Sansan, mtoto wa shangazi, alikuja akikimbia na kibuyu. Alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwa na kazi asubuhi hiyo.

"Ini! Kumbikumbi! Nyuma ya kichuguu pale, ardhi yote inachemka! Njoo!"

"Nachunga mtungi."

"Mtungi? Una miguu, utatoroka? Haya, kaa na mumeo mtungi. Mimi nitakula peke yangu."

Ini aliutazama mtungi. Alitazama uwanja. Hapakuwa na mbuzi. Alichukua kibakuli akakimbia.

Hakukaa sana. Alirudi na kibakuli nusu, mbawa za kumbikumbi zimemganda kwenye vidole, akakuta mtungi mwekundu umelala ubavu. Beberu wa Baba Mkubwa alikuwa analamba udongo ulioloa.

Alimfukuza beberu, akausimamisha mtungi. Haukuvunjika. Ndani yalikuwa yamebaki maji ya kata moja, yenye udongo. Alitazama mlangoni. Mama hajaonekana. Alimwaga ile kata moja yenye udongo, akasuuza mtungi, akaujaza maji ya kisima kutoka kwenye mtungi wa kunywea. Yalikuwa maangavu, yanang'aa. Akaingia ghalani, akachota konzi mbili za unga wa mtama wa kawaida, wa ugali, akaukoroga humo. Maji yakafifia. Yakafanana.

Maji ni maji, alijiambia. Mtama wenyewe si umo kwenye vyungu? Alifukia udongo ulioloa kwa mguu wake, akakaa pale alipoambiwa akae.

Mama alirudi na kuni kichwani. Alipika lile tope mpaka alasiri, vyungu vitatu, akikoroga kwa mwiko mrefu, jasho likimtiririka. Uji ulipoiva na kuwa mzito aliumimina kwenye mtungi mkubwa, akauacha upoe kidogo. Kisha akauinua mtungi mwekundu kuurudishia maji yake. Hapo akasita.

"Mbona ya baridi hivi?"

Ini aliinama akasukuma kuni ndani ya moto.

"Kivuli cha ukuta," mama alijijibu mwenyewe, akamimina, akafunika mtungi kwa ungo. "Kesho asubuhi, togwa."

Jioni hiyo Ini hakula kumbikumbi wake. Alimpa Sansan wote, na Sansan akamwuliza kama anaumwa.

Siku ya togwa watoto wa mji wetu huamka mapema. Kabla uji haujachemshwa tena na kutiwa hamira, ni togwa tu, tamu yenye ukali kidogo, na kila mtoto hupata kata yake. Jumatano watoto walikuwa wamekwisha panga mstari wakati Mama Yeri alipofunua ungo. Alichota, akaonja. Akaonja tena. Akachovya mwiko katikati ya mtungi, akauachia. Mwiko ulisimama wima wenyewe.

"Utamu haupo," alisema.

Alimwita wifi yake. Shangazi Nyele alikuja akifunga kanga, akaonja, akatema. "Hii si togwa. Hii ni gundi. Ungeipaka ukutani."

Mama Yeri aliketi chini, palepale kwenye udongo. "Kimea nilikiotesha mwenyewe, Wifi. Nilikionja kikavu, kilikuwa kitamu. Kwa nini pombe inanikataa? Kesho watu thelathini wanakuja. Nitawaambia nini?"

"Kimea kizuri, maji mazuri, mkono mzuri," alisema Shangazi Nyele. "Basi kuna jicho baya. Nani alipita hapa jana?"

Wote wakamgeukia Ini.

Ini alitaka kusema mbuzi. Midomo ilifunguka. Lakini mama yake alikuwa amekaa chini kwenye udongo kama mtu aliyefiwa, na Ini hakuwahi kumwona hivyo.

"Bibi Oho," akasema.

"Alichungulia mtungi?"

"Ndiyo."

"Alisema nini?"

"Alisema maji yametulia vizuri."

Kila neno lilikuwa kweli. Hakuna hata moja alilobuni. Na Shangazi Nyele alipiga makofi mara moja, kama mtu aliyekamata kuku.

Hapa lazima ujue jambo moja kuhusu Bibi Oho. Alikuwa amefukuzwa mara moja. Kwa mumewe, miaka mingi iliyopita, watoto wawili wa mke mwenzake walikufa kwa homa katika wiki moja, na watu wakasema ni yeye. Alitembea siku mbili na mkeka kichwani mpaka kwa Sie, mtoto wa dada yake, naye akampa kibanda. Mtu aliyefukuzwa mara moja akifukuzwa mara ya pili, hakuna mji mwingine utakaompokea. Hilo hata watoto walilijua.

Baba Mkubwa Sie alikuja akiwa bado na jembe begani. Hakuwa mtu mkatili. Alisikiliza, akaonja uji, akautazama mwiko uliosimama. Aliutazama muda mrefu.

"Ni mama yangu mdogo," alisema.

"Ndiyo maana unanyamaza," alisema Shangazi Nyele. "Leo pombe. Kesho mtoto wa nani?"

"Afungashe," alisema Baba Mkubwa hatimaye, sauti yake ya chini. "Saa nane nitamleta mpiga ramli. Akimtaja, aondoke leo leo. Sitaki kijiji kizima kije mlangoni kwangu na marungu."

Habari haikuhitaji miguu. Watoto walikimbilia nyuma ya ukuta, na Sansan mbele yao. Ini alisikia kelele, kisha akasikia kishindo cha mtungi kupasuka. Sansan alirudi akicheka. "Nimempasulia mtungi wake wa maji! Jiwe moja tu!" Alipoona hakuna mtu mzima anayecheka, naye akaacha.

Ini alijificha nyuma ya ghala. Fikiria unavyoweza kufikiri ukiwa na miaka kumi na miwili na hofu: kama bibi mzee anafukuzwa kwa kuchungulia tu, mimi niliyemwaga watanifanya nini? Mpiga ramli atazitupa kauri zake za ramli, na kauri hazitamtaja Bibi Oho. Zitasema Ini. Zitasema mbele ya watu wote. Nitatembea siku mbili na mkeka kichwani, na mimi sina mtoto wa dada yangu wa kunipa kibanda.

Mama yake alimwita. "Nenda kwa Bibi Oho kachukue kichujio changu kabla hajaondoka."

Ini alikwenda. Alipita juu ya vigae vya mtungi uliopasuka. Kibandani Bibi Oho alikuwa amepiga magoti anafunga kamba: mkeka, jembe, vibuyu viwili, kitambaa cheupe kilichokunjwa. Kamba ilimponyoka mara kwa mara. Alikuwa anaogopa. Ini hakujua kwamba watu wazima wanaweza kuogopa hivyo.

"Kichujio kile pale, mwanangu."

Ini alikichukua. Hakuondoka.

"Uji wa mama yako umekuwaje? Mzito?"

"Mwiko unasimama, Bibi."

"Na utamu hamna."

"Hamna."

Bibi Oho akafikiri. Kwa kitambo kamba haikumponyoka, kwa sababu sasa alikuwa anafikiria kazi. "Basi umekosa meno," alisema. Alifungua kona ya mzigo wake akatoa kifuko cha ngozi, kizito. "Mpelekee mama yako. Ni kimea. Mwambie akikoroge na maji, ayatoe maji ya juu, ayatie kwenye uji ukiwa wa moto usiounguza. Mimi safari hii sitaweza kukibeba."

"Bibi, kwa nini unampa? Wamekufukuza."

"Mtama haujanifukuza. Haya, nenda. Usichelewe, watakusema na wewe."

Ini aliingia uwanjani na kichujio mkono mmoja na kifuko mkono wa pili. Vyungu vilikuwa bado kwenye mafiga na moto ulikuwa unawaka. Shangazi Nyele alikiona kifuko kabla Ini hajasema neno.

"Umetoa wapi hicho?"

"Kwa Bibi Oho. Ni kimea, amesema mama akoroge..."

"Kifuko cha mchawi! Umekileta mpaka jikoni!" Shangazi alimpokonya. Alikishika kwa ncha za vidole kama mtu ashikavyo panya aliyekufa, akageukia moto.

"Usichome!"

Ini alisikia sauti kabla ya kujua ni yake. Alimrukia shangazi yake mkononi, akaning'inia.

"Usichome, Shangazi! Si yeye! Ni mimi! Ni mimi niliyemwaga maji ya juu! Nilikwenda kwenye kumbikumbi, beberu akauangusha mtungi, nikaweka maji ya kisima na unga wa ugali ili mama asijue! Bibi Oho hakufanya kitu! Alichungulia tu! Ni mimi!"

Kuni zililia motoni. Ini alikuwa bado ananing'inia kwenye mkono wa shangazi, macho amefumba, akingoja kofi, au jiwe, au mkeka.

"Maji ya baridi," alisema Mama Yeri taratibu. "Nilijiambia ni kivuli."

Hakumpiga. Alimtoa kwenye mkono wa shangazi yake, kidole kimoja kimoja, akachukua kile kifuko.

Baba Mkubwa Sie, aliyekuwa mlangoni akienda kumwita mpiga ramli, aliweka jembe lake chini. Alivua kofia. Alikwenda nyuma ya ukuta peke yake, na wote wakabaki wanangoja. Alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji mtu kusema samahani. Aliporudi, Bibi Oho alikuwa nyuma yake, hakumtazama mtu.

"Sikuja kwa ajili yenu," alisema. "Nimekuja kwa ajili ya mtama. Nani ana maji?"

Walifanya kazi hiyo wanawake watatu na Ini. Uji mzito ulirudishwa kwenye vyungu ukachemka upya. Kimea cha kifuko kilikorogwa na maji kwenye mtungi mwekundu, kikaachwa kitulie. Ini alikaa kando yake na hata nzi hakupata nafasi. Maji ya juu yalipokuwa tayari, Shangazi Nyele alitaka kuyamimina mara moja.

"Ngoja wewe!" Bibi Oho alimkemea. "Unataka kuyaua? Uji unachemka. Ini, chovya kidole."

Ini alichovya, akaruka. "Unaunguza!"

"Bado."

Walingoja. Alichovya tena, akaguna. Bado. Mara ya tatu kidole kiliona moto, lakini aliweza kuchovya na kutoa mara tatu bila kuguna. "Sasa," alisema Bibi Oho, na Mama Yeri akaurudisha uji mtungini, akamimina maji ya juu.

"Bibi," Ini aliuliza kwa sauti ndogo, "meno ni nini?"

Bibi Oho alimwonyesha ufizi wake mtupu. "Mimi nikipewa mahindi makavu nitakula?"

"Hapana."

"Mpaka mtu anitafunie au anisagie. Na hamira ni kama mimi. Haina meno. Utamu wote wa mtama umo ndani ya unga, lakini ni mgumu, umeshikana, hamira haiwezi kuuma. Sasa mbegu ikiota inataka kula, si ndiyo? Mche mchanga utakula nini? Kwa hiyo mbegu inaota meno kwanza. Meno hayo ndiyo yanatafuna unga kuwa sukari. Ukiloweka kimea, meno hutoka yakaingia kwenye maji. Ukiyachemsha yanakufa. Ndiyo maana maji ya juu tunayaweka kando, tunapika tope peke yake mpaka lilainike, halafu tunayarudisha. Wewe ulimwaga meno ya mama yako, ukabaki na chakula kisicho na kinywa."

"Yalionekana maji tu."

"Mate yako pia yanaonekana maji tu. Chukua tonge la ugali, utafune, usimeze. Hesabu mpaka mia moja. Utasikia utamu unakuja. Nani ameutia? Hakuna. Ni mate yako."

Ini alijaribu baadaye. Ni kweli. Jaribu na wewe.

Jua lilikuwa linaanza kuinama wakati mwiko, uliokuwa umesimama wima katikati ya mtungi, uliposogea kidogo. Ukaegemea. Ukaanguka ukagonga ukingo. Mama Yeri aliinua kata, akaonja, akafumba macho. Alimpa Bibi Oho kata hiyohiyo, na Bibi Oho akanywa yote.

"Togwa," alisema.

Lakini siku ilikuwa imekwisha. Togwa hiyo ilipaswa kuchemshwa, kupoa, kutiwa hamira na kulala. Alhamisi asubuhi ilikuwa bado inatoa povu. Baba Mkubwa Sie alikwenda nyumba kwa nyumba kuomba watu waje Ijumaa. Kila alipoulizwa sababu, aliisema yote, pamoja na sehemu yake mwenyewe. Ijumaa waliokuja walikuja, wakanywa, wakalima wakiimba. Pombe ilikuwa nzuri.

Jumamosi Mama Yeri alimwita Ini, akaketi naye kwenye kizingiti.

"Unajua kwa nini sikukupiga?"

"Sijui, mama."

"Kwa sababu kupigwa kungeisha, ukasahau. Mimi pia nina kosa. Uliniuliza kama ni maji tu, nami nikakwambia kaa. Ningekueleza. Lakini sikiliza. Mtungi kuanguka ni ajali. Hilo ungeniambia Jumanne, ningekukaripia, ningeazima kimea, tungemaliza kabla ya jua kuzama. Uliponyamaza, watu waliona shimo wasilolijua, wakatafuta mtu wa kulijaza. Siku zote watamtafuta asiye na mtu wa kumtetea. Mwongo hahitaji kusema uongo, mwanangu. Akinyamaza mahali pa kusema, inatosha. Sasa hesabu. Kwa sauti. Hesabu kilichopotea."

Ini alihesabu.

Kimea cha Bibi Oho, kifuko kizima. Kilikuwa cha msiba wake. Alikuwa amekiweka, na kila mwaka hukibadilisha, ili siku akifa watakaomzika wapate cha kunywa. Ini ataotesha mtama mwingine badala yake, kwa mikono yake.

Mizigo mitatu ya kuni.

Siku moja ya jembe. Walioitwa walikuwa thelathini, waliokuja Ijumaa walikuwa kumi na tisa. Sehemu ya bondeni haikulimwa, na magugu yake yako pale mpaka leo.

Mtungi mmoja wa maji. Sansan alipeleka mwingine, wa mama yake, lakini Bibi Oho anasema maji yake hayapoi vizuri.

Jogoo mmoja mweupe wa Baba Mkubwa, wa kuomba radhi.

"Endelea," alisema mama.

"Yamekwisha, mama."

"Hayajaisha. Kesho asubuhi utaona."

Asubuhi Ini aliamka mapema, akakaa uwanjani, akawasha moto mkubwa, akatenga makaa mazuri kando. Bibi Oho hakuja. Ini alipanda juu ya paa akamwona. Alikuwa na kigae chake mkononi, anazunguka ukuta kwa nje, polepole, kwenda kuomba moto nyumba nyingine.

Ini alishuka akazipima njia zote mbili kwa miguu yake. Kupita uwanjani kwao ni hatua thelathini na mbili. Kuzunguka ni hatua mia mbili na arobaini.